UZI: Kutoka Nordkapp hadi Tarifa kwa gari. Tupange hesabu za kaskazini hadi kusini mwa Ulaya

Kilomita71 (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za muda. Uzi huu ni wa njia moja tu: Nordkapp, kaskazini kabisa mwa Norwei, hadi Tarifa, kusini kabisa mwa Hispania bara. Mmoja huuliza viza, mwingine stika za miji, mwingine bei ya madaraja, na majibu yanatawanyika kwenye nyuzi kumi. Tuyaweke hapa.

Kosa la kwanza la wapangaji wengi ni kugawa kilomita sawa kwa sawa. Njia nzima ni kama kilomita 5,900. Mtu anachukua siku 10, anagawanya, anapata 590 kwa siku, anaona inawezekana. Tatizo ni kwamba kilomita ya Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa wa Norwei, si kilomita ya Bordeaux, Ufaransa. Pangeni kwa saa za usukani. Wastani wa kutumia, ukihesabu na vituo vifupi vya mafuta na msalani, ni huu: barabara za E69 na E6 kule Finnmark, 60 hadi 65 kwa saa. Ufini kaskazini, 75 hadi 80. E4 ya Uswidi kutoka Haparanda hadi Gävle, 80 hadi 85. Kutoka Gävle kushuka, 95. Ujerumani weka 90, kwa sababu matengenezo ya barabara na foleni hula faida yote ya mwendo mkubwa. Ufaransa kwenye barabara za kulipia, 105 hadi 110. Hispania 100 hadi 105.

Ukijumlisha unapata saa 65 hadi 70 za usukani. Kwa dereva mmoja, saa 5 kwa siku zinatosha. Hizo ni siku 13 au 14 za kuendesha. Ongeza siku 5 za kupumzika, safari ni ya wiki tatu kasoro. Mwenye wiki mbili tu aanzie Rovaniemi, asikimbize kaskazini.

Mgawo wangu:

Nordkapp – Olderfjord – Lakselv – Karasjok – Inari, kama km 375, siku nzima.
Inari – Rovaniemi – Tornio/Haparanda, km 450.
Haparanda – Umeå, km 395.
Umeå – Sundsvall – Gävle, km 480.
Gävle – Stockholm – Jönköping, km 500.
Jönköping – Malmö – Copenhagen, km 330. Pumzika siku mbili.
Copenhagen – Hamburg kwa daraja la Storebælt, km 470.
Hamburg – Köln – Liège, km 550. Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote.
Liège – Orléans kwa kuizunguka Paris, km 500.
Orléans – Bordeaux, km 460.
Bordeaux – Irun – Burgos, km 440.
Burgos – Madrid, km 245. Pumzika.
Madrid – Córdoba, km 400.
Córdoba – Sevilla – Tarifa, km 340.

Siku za kupumzika zilizobaki ziwekeni baada ya Hamburg–Liège na baada ya Bordeaux, kabla mwili haujazidai wenyewe.

Angalizo dogo la saa: Ufini iko saa moja mbele ya Norwei na Uswidi. Ukitoka Karasjok kwenda Inari unapoteza saa, ukivuka Tornio kuingia Haparanda unarudishiwa. Wengi wamefika hotelini Inari mapokezi yamefungwa kwa sababu hiyo tu.

Mkazi_wa_Kigamboni

Mkuu, asante kwa uzi. Swali la sisi tulio nyumbani: gari tunalipata wapi? Inawezekana kukodi Norwei na kuliacha Hispania?

DadaRamani

Kaka Kigamboni, kinadharia ndiyo, kivitendo karibu kila kampuni itakataa, au itakutoza ada ya kuliacha gari nchi nyingine inayozidi kodi yenyewe. Sababu ni rahisi: gari lenye namba za Norwei haliwezi kukodishwa tena Hispania, lazima mtu alirudishe kilomita zote hizo.

Njia inayopunguza gharama ni kukata safari kwa nchi, kwa sababu kuchukua gari mji mmoja na kuliacha mji mwingine wa nchi ileile ada yake ni ndogo au haipo kabisa. Gari la kwanza chukua Rovaniemi, panda Nordkapp, rudi Rovaniemi. La pili chukua Luleå, liache Malmö. Malmö hadi Hamburg panda treni. Gari la tatu kwa Ujerumani na Ufaransa ndilo gumu, hapo ulizia mapema. La nne chukua San Sebastián au Bilbao, liache Málaga au Algeciras.

Kabla ya kulipa, hakikisha haya: mkataba umetaja kwa maandishi nchi zote utakazoingia, kadi ya mkopo iko kwa jina la dereva mwenyewe, kwa maana kadi ya kawaida mara nyingi hukataliwa kwa dhamana, na bima inasema nini kuhusu vioo, matairi, paa na chini ya gari. Hivyo vinne huachwa nje ya bima kubwa, na changarawe za kaskazini hupiga hapohapo, kwenye kioo na chini. Piga picha gari zima siku ya kulichukua, pamoja na rimu na kioo cha mbele, na siku ya kulirudisha.

Leseni: beba ya nchini kwako pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha kinachotolewa na chama cha magari cha nchi yako. Kibali peke yake si leseni, ni tafsiri yake.

Viza_na_Mihuri

Niongeze karatasi. Nchi zote za njia hii ziko Schengen, Norwei ikiwemo ingawa haimo Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo viza moja inatosha. Ombi unalipeleka kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, si ile utakayotua kwanza. Kwa mgawo wa Kilomita71, Uswidi na Hispania zinakaribiana sana, hivyo hesabu usiku mmoja mmoja na nafasi za kulala zilizolipiwa zionyeshe hesabu hiyohiyo. Zikilingana kabisa, ndipo nchi ya kuingilia inahesabika.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari ni ya angalau euro 30,000, nayo igharamie matibabu na kurudishwa nyumbani. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Msisubiri hizo 15.

Jambo linalosahaulika: ukifika Tarifa utaiona Moroko ng'ambo, meli ya Tangier inachukua kama saa moja tu, na tamaa itakushika. Ukivuka umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, hurudi. Ombeni ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo na mwandike hiyo Tangier kwenye ratiba. Na gari la kukodi liacheni Tarifa, karibu mikataba yote inakataza kulivusha.

FundiSpana

Hapa nazungumza na wenye magari yao, wale wanaoishi Ulaya.

Matairi kwanza. Sheria inataka kina cha milimita 1.6, lakini kwa safari hii usiondoke na tairi lililo chini ya 4. Mvua ya Denmark na ya Ujerumani kaskazini hutuama barabarani, na tairi lililoisha linaelea juu ya maji kwenye mwendo wa 100. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha gari lililojaa, siyo cha gari tupu. Namba zote mbili zimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi. Tairi lenye upepo pungufu huchemka ubavuni kwenye mwendo mrefu, na ubavu ukichanika hakuna pancha ya kuziba, ni kununua jingine.

Pili, fungueni buti muone kama mna spea. Magari mengi mapya yana chupa ya gundi na pampu ndogo tu. Gundi inaziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, haizibi mchaniko wa ubavuni. Kutoka Lakselv hadi Inari kuna vipande virefu visivyo na gereji. Kama shimo la spea lipo kwenye buti, nunua spea nyembamba, jeki na spana ya magurudumu.

Oili ipimwe kila kilomita 1,000, injini ikiwa imepoa na gari liko sakafu tambarare. Lita moja ya oili ya aina ileile iwe kwenye buti. Vituo vya barabara kuu huiuza mara mbili ya bei. Mkanda wa taimingi ukikaribia muda wake wa kubadilishwa, badilisha kabla ya kutoka. Ukikatika njiani, kwenye injini nyingi valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha.

Breki: handaki la Nordkapp lina urefu wa km 6.9 na linashuka mita 212 chini ya bahari kisha linapanda, mteremko wake unafika asilimia 9. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo mpaka chini anafika pedi zikinuka. Halafu ukitoka kwenye baridi kuingia handakini wakati wa baridi, kioo kinafunga ukungu ghafla. Washa feni ya kioo kabla ya mdomo wa handaki.

Na upepo wa Magerøya, kisiwa chenye Nordkapp, usiudharau. Ukisimama, fungua mlango huku umeushika kwa mkono. Bawaba hupinda.

Mkazi_wa_Kigamboni

FundiSpana, shukrani. Je, kuendesha kulia kunatuathiri kiasi gani sisi tuliozoea kushoto?

FundiSpana

Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda, Kongo na walioko Oman hawana shida, wameshazoea kulia. Kwa Watanzania, Wakenya na Waganda, hatari haiko kwenye barabara kuu yenye magari mengi, maana unafuata msafara. Hatari iko mahali patupu: unapotoka kituo cha mafuta alfajiri, unapoanza tena baada ya kupiga picha pembeni, na unapokata kona kuingia kijiji kisicho na gari hata moja. Abiria wa mbele apewe kazi ya kutamka "kulia" kila mnapoanza mwendo. Ifanyeni kwa siku tatu za kwanza bila kuona haya.

Kipilefti za huko mnazunguka kinyume cha saa, na aliye ndani ndiye mwenye haki, utazame kushoto kwako. Lakini kwenye makutano yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama anatoka kichochoroni. Mitaa ya makazi ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani imejaa makutano ya namna hiyo. Mtu wa Dar au Nairobi anadhani barabara pana ina haki, anagongwa ubavuni, na kosa ni lake.

Kwenye barabara za kasi za Ujerumani, foleni ikianza kusimama, walio njia ya kushoto kabisa wasogee kushoto, wengine wote wasogee kulia, ili njia ya uokoaji ifunguke katikati. Usingoje king'ora, faini ni kubwa. Kuishiwa mafuta humo pia ni kosa, kwa sababu kusimama bila lazima kumekatazwa na mafuta ni jambo ulilopaswa kuliona mapema.

Pwani_hadi_Pwani

Salamu wadau. Mmeipita E69 haraka mno. Nordkapp yenyewe iko latitudo 71°10′, kwenye kisiwa cha Magerøya, na kutoka Olderfjord ni km 129 za kupinda kando ya bahari. Handaki la chini ya bahari lilifunguliwa 1999 na ushuru wake uliondolewa 2012, kwa hiyo puuzeni miongozo ya zamani inayowaambia muweke pesa pembeni.

Wanaotaka ncha halisi wajue kwamba Knivskjellodden, rasi jirani, iko kaskazini zaidi ya Nordkapp. Inafikiwa kwa miguu tu, kama km 9 kwenda na 9 kurudi kutoka maegesho yaliyo kando ya E69. Weka siku nzima, viatu visivyopitisha maji na koti la upepo hata Julai.

Wanyama sasa. Reinidia, kulungu wa baridi wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa huko, hutembea barabarani Finnmark na Lapland nzima. Hawaogopi honi. Ukimwona mmoja, punguza mpaka 30, kwa maana kundi liko nyuma yake. Elki ni hatari nyingine kabisa: mrefu kama farasi, miguu myembamba, uzito wa kilo mia kadhaa. Bampa linakata miguu na kiwiliwili kinaingia kwa kioo cha mbele. Wanatoka alfajiri na magharibi, hasa msituni kati ya Haparanda na Sundsvall. Kanyaga breki kwa nguvu, na kama huna budi kukwepa, elekea nyuma ya mnyama, kwa sababu mara nyingi anaendelea mbele. Ukigonga, ni lazima kutoa taarifa: piga 112, namba hiyo inafanya kazi njia nzima hadi Tarifa. Weka alama mahali palipotokea, mnyama aliyejeruhiwa hutafutwa.

MkokotoaEuro

Gharama za barabara, maana hapo ndipo bajeti huvunjika.

Mafuta: gari la lita 7 kwa km 100 litakunywa lita 413 kwa km 5,900. Ukichukua wastani wa euro 1.75 kwa lita ni kama euro 720. Tuseme 850 pamoja na mizunguko ya mijini. Denmark na Norwei ni ghali, kwa hiyo jazeni Uswidi kabla ya daraja na Ujerumani baada ya Flensburg. Hispania ni nafuu kuliko Ufaransa, basi tangi liingie Irun likiwa karibu tupu.

Madaraja: Øresund kati ya Malmö na Copenhagen, halafu Storebælt ndani ya Denmark. Yote mawili kwa gari dogo ni kama euro 100. Mnaweza kukwepa Storebælt kwa meli ya Rødby–Puttgarden, dakika 45, kilomita zinapungua zaidi ya 100 na dereva anakula akiwa amekaa. Kwa familia iliyochoka meli hiyo ni bora. Hata Øresund inakwepeka kwa meli ya Helsingborg–Helsingør, dakika 20.

Uswidi: barabara bure, ila Stockholm kuna kodi ya msongamano inayosomwa na kamera, na daraja la Sundsvall lina ada yake. Magari ya nje hutumiwa ankara. Ya kukodi hutumiwa kampuni, nayo huongeza ada ya kushughulikia.

Ujerumani, Ubelgiji: magari madogo hayalipi barabara kuu. Ufaransa: Paris hadi Bordeaux kwa A10 ni zaidi ya euro 60. Kwenye vibanda, usiingie njia yenye herufi ndogo t peke yake, hiyo ni ya wenye kifaa kiooni. Tafuta mshale wa kijani au alama ya kadi.

Hispania ina habari njema. AP-1 ya Burgos ni bure tangu 2018, AP-4 ya Sevilla–Cádiz tangu 2020, na sehemu kubwa ya AP-7 ya pwani ya mashariki tangu 2020 na 2021. Yaliyobaki ya kulipia karibu na njia yetu ni vipande kama AP-8 nchi ya Wabaski, AP-7 ya Málaga hadi Guadiaro, na zile barabara za R zinazoingia Madrid. Toka Irun fuata AP-8 kidogo, shika njia ya Tolosa kwenda Vitoria, kisha Burgos na A-1 mpaka Madrid, hutalipa tena. Kutoka Jerez shika A-381, au A-48 na N-340 kupitia Vejer, zote bure.

DadaRamani

Niongezee stika, kwa sababu hizi huleta faini miezi miwili baadaye.

Ujerumani: stika ya kijani ya mazingira inatakiwa ndani ya miji mingi mikubwa, faini ni euro 100. Inauzwa kwa bei ndogo kwenye vituo vya ukaguzi wa magari, lete kadi ya gari. Ukibaki barabara kuu huihitaji. Ubelgiji: Antwerp, Brussels na Ghent zinataka gari la nje liandikishwe mtandaoni kabla ya kuingia. Ndiyo maana mgawo wa Liège – Namur – Mons ni mzuri, hauzigusi. Ufaransa: stika ya Crit'Air, iagizwe kwenye tovuti rasmi ya serikali peke yake, maana zipo tovuti zinazouza kitu hichohicho kwa mara kumi. Sheria za maeneo hayo zimekuwa zikibadilika, angalieni upya wiki ya safari. Paris izungukeni kwa Francilienne, yaani A104 kisha N104, msiingie barabara ya mzunguko wa ndani. Mwendo wake ni 50 tangu Oktoba 2024 na foleni haiishi. Madrid pia inabana magari ya zamani mji mzima, zungukeni kwa M-50.

Mediterania_Kwanza

Kilomita71, napinga nusu ya pili ya ratiba. Kwa nini upite Paris na Madrid wakati unaweza kushuka Köln – Luxembourg – Metz – Dijon – Lyon – Perpignan – Barcelona – Valencia – Málaga? Tofauti ya kilomita ni ndogo, Luxembourg mafuta ni nafuu, na ukivuka La Jonquera barabara ni bure mpaka Alicante. Unaiona bahari siku nne.

Kilomita71

Hoja ni nzuri, na kwa Mei au Oktoba hata mimi ningeiunga mkono. Kwa Julai na Agosti hapana. Bonde la Rhône kati ya Lyon na Orange ndilo linalobeba Ulaya ya kaskazini yote ikienda likizo. Idara ya barabara ya Ufaransa hutoa utabiri wa foleni kwa rangi kupitia Bison Futé: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti huwa nyekundu au nyeusi kuelekea kusini. Atakayepita huko aepuke Jumamosi kabisa, apite Jumanne au Jumatano. Pia kuna upepo wa mistral bondeni na tramontane karibu na Perpignan; ukiwa na mizigo juu ya paa unasukumwa njia ya pili.

Kuna jambo la usalama pia kwenye AP-7 kati ya La Jonquera na Barcelona. Wezi hukupita na kukuonyesha kwamba tairi lina tatizo, ukisimama pembeni mwingine anachukua begi mlango wa pili. Usisimame hapo. Nenda mpaka kituo cha mafuta chenye taa na watu, kagua hapo milango ikiwa imefungwa.

Mediterania_Kwanza

Nakubali kuhusu Jumamosi. Basi tuandike hivi: Septemba na kuendelea, pwani ya mashariki, kiangazi kikali, Bordeaux na Burgos.

FundiSpana

Jambo moja la pampu limesahauliwa na limeua injini nyingi. Ufaransa dizeli inaitwa gazole. Hispania inaitwa gasóleo, na petroli ndiyo gasolina. Mtu ameona "gazole" akasoma kama gasolini, akajaza gari la petroli. Norwei na Uswidi petroli ni bensin, Denmark na Ujerumani benzin, Ufini bensiini, Ufaransa essence. Msisome maneno, someni alama: duara lenye E5 au E10 ni petroli, mraba wenye B7 ni dizeli, na alama hiyohiyo iko ndani ya kifuniko cha tangi la magari mapya. Dizeli ya rangi ya Norwei na gasóleo B ya Hispania ni za trekta na mitambo, ukikutwa nayo tangini ni faini.

Ukikosea usiwashe gari, wala usigeuze funguo hata nusu, maana pampu ya tangini huanza kusukuma. Lisukumwe pembeni, tangi lisafishwe. Ukiwasha, mafuta machafu yanafika kwenye nozeli na gharama ni nyingine kabisa.

Vituo visivyo na mhudumu kaskazini vinazuia kiasi kikubwa kwenye kadi kabla ya kutoa mafuta, kisha vinarudisha kilichozidi baada ya siku kadhaa. Ukiwa na kadi moja yenye salio dogo, vituo viwili vinaweza kuifunga. Bebeni kadi mbili na mjue namba za siri zote. Mashine ikiuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya pale, chagueni ya pale.

Mpwani_wa_Lamu

Wadau, msimu upi bora? Na sisi Waislamu tunaswali vipi mahali jua halizami?

Pwani_hadi_Pwani

Nordkapp jua halizami kuanzia 14 Mei hadi 29 Julai. Saa sita usiku liko juu ya bahari. Hakuna magharibi wala isha ya kuonekana. Wanazuoni wametoa njia zinazojulikana: kufuata nyakati za mji wa karibu ambao mchana na usiku hupambanuka, au kufuata za Makka. Chagua moja kwa ushauri wa sheikh wako kabla ya kuondoka, ishike mpaka utakapofika mahali jua linapozama. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na kwa mgawo huu inakufaa sana. Kibla Nordkapp ni kusini ikiegemea mashariki kidogo, Tarifa ni karibu mashariki kamili. Msitegemee mazoea ya jana.

Msimu: kwangu ni mwisho wa Agosti kuelekea kusini. Mbu wa Lapland wamekwisha, barabara hazina theluji, taa za kaskazini zinaweza kuonekana usiku ukiwa safi, na ukifika Córdoba katikati ya Septemba joto limeshuka. Julai na Agosti Córdoba na Sevilla hupita nyuzi 40. Ubaya wake ni mmoja: mnaelekea kusini na jua liko chini mbele ya macho mchana kutwa. Miwani ya jua na kioo kilichosafishwa kwa ndani ni vifaa vya usalama.

Baridi kali iacheni. Km 13 za mwisho kwenda Nordkapp magari hupita kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji, kwa saa maalumu, na dhoruba ikija njia inafungwa. Matairi yenye misumari yanayofaa Finnmark yamepigwa marufuku Ujerumani, kwa hiyo safari moja ingetaka seti mbili.

Mkazi_wa_Kigamboni

La mwisho kwangu: kulala kwenye gari au hema?

DadaRamani

Norwei, Uswidi na Ufini zina haki ya kimila ya kupiga hema porini, Norwei iwe angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu. Haki hiyo ni ya mtu na hema lake, si ya kuingiza gari msituni. Denmark na Ujerumani hakuna, tumieni kambi za kulipia. Hispania kulala ndani ya gari lililoegeshwa kihalali ni jambo moja, kutoa viti, meza na turubai ni kupiga kambi na kunatozwa faini, hasa pwani ya Tarifa ambako askari hupita usiku.

Kwenye buti: vizibao vya kuakisi mwanga kwa kila abiria, viwe ndani ya gari mkono unapofika na siyo chini ya mabegi, pembetatu ya tahadhari, maji lita 5, blanketi, kamba ya kuvutia, chaja ya simu ya gari, na ramani iliyopakuliwa, maana mtandao hukatika kati ya Karasjok na Kaamanen. Taa za mbele ziwashwe mchana nchi za Nordiki. Gari la usukani wa kulia kutoka Uingereza libandikwe vibandiko vya kugeuza mwanga wa taa na alama ya UK. Pombe: Norwei na Uswidi kikomo ni 0.2 kwa elfu, bia moja inatosha kukupeleka mahakamani.

Kilomita71

Nimeuweka mgawo na marekebisho yote. Mabadiliko ni haya: Rødby badala ya Storebælt kwa wenye watoto, pwani ya mashariki kuanzia Septemba, siku ya Hamburg–Liège iondoke saa kumi na moja alfajiri ili kupita handaki la Elbe kwenye A7 kabla halijaziba, na ikiwezekana iwe Jumapili, siku ambayo malori makubwa hayaruhusiwi Ujerumani. Ila Jumapili maduka yamefungwa, chakula kinunuliwe Jumamosi.

Mwisho wa njia, ili msizunguke mkitafuta: Tarifa pitieni mjini hadi ufukwe wa Playa Chica. Kisiwa cha Las Palomas kimeunganishwa na mji kwa njia ya mawe na lango lake hufungwa, hamuingii bila ziara iliyopangwa. Gari liegesheni mjini, tembeeni mpaka langoni. Mkono wa kulia ni Atlantiki, wa kushoto ni Mediterania, na mbele, kilomita 14 tu, ni Afrika.